Soma siyo kusoma: neno lililotoka kwenye kinu

Nianze kwa kuondoa utata mapema. Hili soma ninaloandika leo halina undugu wowote na kusoma vitabu. Nasema hivi kwa sababu kwenye grupu moja la WhatsApp nililomo (grupu la tuliomaliza shule pamoja, si unajua yanavyokuwaga) mtu alirusha sauti, jamaa anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba Wahindi wa kale walikuwa na kinywaji cha miungu kinaitwa soma, na sisi Waswahili tunasema kusoma, kwa hiyo elimu ndo kinywaji cha miungu na babu zetu walilijua hilo. Watu wakamwaga makofi. Inapendeza, ila si kweli. Maneno mawili kufanana sauti siyo ushahidi wa kitu. Kiajemi kina neno bad, Kiingereza kina neno bad, yote mawili maana yake mbaya, na wanaisimu wameshachimba wakakuta hayana babu mmoja, ni bahati tu. Lugha zina sauti chache na maneno mengi mno, lazima mengine yagongane njiani.

Lakini hilo soma la Wahindi wa kale lina stori nzuri kuliko ya yule jamaa, na nimekaa nayo muda mrefu bila mtu wa kumsimulia, maana dukani kwangu watu wanataka panadol, hawataki isimu. Mi nauza dawa. Na neno hili nililifikia kupitia dawa ya mafua. Kuna dawa za mafua zenye pseudoefedrini, zile ambazo huwezi kumwachia mtu abebe mapakiti aondoke nayo, na siku moja nikawa nasoma tu hii efedrini ilitoka wapi. Ilitoka kwenye mmea unaitwa efedra, vijiti vijiti vya kijani visivyo na majani ya maana, unaota nchi kavu za Asia. Mjapani Nagai Nagayoshi ndo aliitenga kemikali yake mwaka 1885, ila Wachina walikuwa wanautumia mmea wenyewe kwa pumu na kikohozi toka enzi na enzi. Inafungua njia ya hewa, inapandisha presha, inafukuza usingizi. Watu wa mpira mnaikumbuka: Kombe la Dunia 1994, Maradona kafunga dhidi ya Ugiriki anaikimbilia kamera macho yamemtoka, mechi iliyofuata dhidi ya Nigeria wakampima, efedrini, akarudishwa nyumbani.

Na katikati ya maelezo yote hayo ya kikemia kulikuwa na mstari mmoja tu, kwamba Wazoroastria wa mji wa Yazd kule Iran wanauita mmea huu hom na wanautwanga kwenye ibada yao. Basi nikaacha dawa ya mafua, nikaufuata huo mstari.

Wazoroastria ni wafuasi wa Zarathustra, watu wa moto mtakatifu, Waarabu waliwaita majusi na sisi tukalipokea neno kwa njia hiyo, hadi kwenye Mathayo kuna mamajusi wa mashariki wanafuata nyota. Kitabu chao kinaitwa Avesta, na lugha yake tuiite Kiavesta, ndugu wa Kiajemi cha kale. Humo ndani hom inaitwa haoma. Ni mmea, ni kinywaji, na ni mungu pia, yote kwa pamoja. Upande wa pili, India, kuna Rigveda, mkusanyiko wa nyimbo 1,028 kwa Kisanskriti cha zamani kabisa, zilizotungwa takriban kati ya 1500 na 1000 KK na kushikwa kwa kichwa tu, baba anamfundisha mtoto, karne juu ya karne, kabla mtu hajaziandika. Zimegawanywa vitabu kumi, na kitabu cha tisa chote, nyimbo 114, ni cha kitu kimoja: soma inayochujwa. Nayo ni mmea, ni kinywaji, ni mungu.

Soma na haoma. Hapa ndo utaniuliza, sasa we si umetoka kusema kufanana sio ushahidi? Ni kweli, na cha kushangaza hapa ni kwamba hayafanani vya kutosha. Moja lina s na lingine h. Ila zinatofautiana kwa utaratibu, na utaratibu ndo ushahidi wenyewe.

Chukua Kiswahili na Kikuyu. Sisi kupanda mti, wao kũhanda. Sisi kupaka mafuta, wao kũhaka. Sisi hapa, wao haha. Ukishaliona mara kadhaa unaacha kushangaa, unajua kabisa palipo na p ya kwetu utegemee h ya kwao. Hakuna Mkikuyu aliyekaa akaamua, sauti ililegea midomoni mwa watu kidogo kidogo, vizazi na vizazi, na ikalegea kwenye maneno yote yenye sauti ile, haikuchagua. Sasa ndivyo ilivyokuwa kwa s ya Waajemi. Saba kwa Kisanskriti ni sapta, Kiavesta hapta, na Kiajemi cha leo haft. Elfu ni sahasra upande wa India, Kiajemi hazar. Asura wa Rigveda ndo Ahura wa Avesta, yule Ahura Mazda, mungu mkuu wa Wazoroastria. Na mto mkubwa wa kaskazini magharibi, ambao wenyewe waliuita Sindhu, kwa Waajemi ukawa Hindu, Waarabu wakapata Hind, na sisi huku pwani tukapata Mhindi, Kihindi na hata mahindi (ambayo asili yake ni Mexico, ila hilo tuliache). Yani kila ukisema Mhindi unatamka ile h iliyolegea kwenye midomo ya Waajemi maelfu ya miaka iliyopita.

Kwa hiyo s ndo ya zamani, na Kisanskriti ndo kimeitunza. Ila usikimbilie kusema basi neno la asili ni soma. Angalia hiyo o. Kwetu ukichukua wa- ukaunganisha na -ingi hupati waingi, unapata wengi. Ma- na -ino unapata meno. A ikikutana na i zinayeyuka zinakuwa e. Kisanskriti kilifanya hivyo hivyo, daiva ikawa deva, na a ikikutana na u zikayeyuka zikawa o. Waajemi hawakuyeyusha. Mfalme Dario wa Uajemi alipochonga orodha ya watu anaowatawala kwenye mwamba wa Naqsh-e Rustam kule Iran, akataja kundi la Wasaka, watu wa nyika, linaloitwa haumavarga, Wasaka wa hauma, na hapo a na u zimekaa kila moja na nafasi yake, jiweni, mpaka leo.

Kwa hiyo India ilitunza mwanzo wa neno na Uajemi ukatunza katikati. Hakuna upande uliobaki na neno zima. Unachukua s ya huku, unachukua au ya kule, unaunganisha, unapata *sauma.

Ile nyota ya mbele sijaiweka kwa urembo. Ndo alama ya wanaisimu ya kusema neno hili hakuna mtu amewahi kulikuta limeandikwa popote, tumelijenga upya kutokana na watoto wake. Aliyeizoesha sana ni Mjerumani August Schleicher, karne ya 19, ambaye mwaka 1868 aliamua kutunga kabisa hadithi fupi ya kondoo na farasi kwa lugha ya kujengwa upya, ya kale zaidi kuliko ya *sauma, lugha mzazi ya Wahindi, Waajemi, Wagiriki, Wajerumani na wengine. Wenzake wameiandika upya mara nyingi toka hapo kila wakigundua jambo, na hadithi ni ileile ila maneno yamebadilika hadi mwenyewe angefufuka asingeielewa. Nafikiri huo ndo uungwana wa hiyo nyota, inakuambia mapema kwamba kesho huenda tukarekebisha. Na kama unadhani hii ni mambo ya Wazungu na Wahindi tu, Carl Meinhof alizifanyia lugha za Kibantu kazi hiyo hiyo mwaka 1899, ndo maana leo mtu, umuntu, omuntu na mũndũ wana mzazi mmoja, naye ana nyota yake.

Waliosema *sauma walikuwa nani? Wataalamu wengi wanawaweka karibu miaka 4,000 iliyopita kwenye nyika kubwa kusini mwa milima ya Ural, mpakani mwa Urusi na Kazakhstan ya leo, wafugaji wa ng'ombe na farasi, mafundi wa mikokoteni ya vita yenye magurudumu ya spoki. Mabaki ya pale Sintashta yanahusishwa nao. Walikaa jirani na watu wa misituni kaskazini, ndo maana Wafini mpaka leo mia moja wanaita sata, neno waliloazima kwa watu hawa. Baadaye kundi likashuka kusini, likagawanyika, wengine wakaelekea India, wengine nyanda za Iran. Kila kundi likaondoka na wimbo wake.

Na nikisema wimbo simaanishi neno moja tu. Hiki ndo kitu kilichonifanya nikeshe. Kwenye Avesta, sura ya tisa ya Yasna (sehemu yake inayosomwa kwenye ibada), Haoma anamtokea Zarathustra asubuhi wakati anahudumia moto. Zarathustra anamuuliza we nani, sijaona mtu mzuri kama wewe, anajibu mimi ndo Haoma, nikamue uninywe. Zarathustra anauliza nani alikuwa wa kwanza kukukamua? Haoma anasema Vivanhvant, na malipo yake akapata mtoto, Yima. Sasa nenda India: Vivasvat ana mtoto, anaitwa Yama. Jina la baba lilelile, mtoto yuleyule, tofauti kubwa ni ile s na h. Kwenye orodha hiyo hiyo ya wakamuaji yumo Thrita, na India yupo Trita anayekamua soma. Avesta inamsifu haoma kuwa wa rangi ya dhahabu, zairi, Rigveda inamsifu soma kuwa hari, ni neno moja. Vitabu viwili vya watu ambao walishatengana, na kuna wakati walichukiana kabisa, deva wa India ni mungu ila daeva wa Avesta ni shetani, lakini ukoo wa wakamuaji umebaki uleule pande zote mbili. Hiyo haiwezi kuwa bahati kama ile ya bad na bad.

Haya, maana yake nini sasa.

Hapa watu wengi wanapita haraka na mi naona ndo kuna nyama. Kisanskriti kina kitenzi su-, sunoti, anakamua. Kiavesta kina hu-, hunaoiti, anakamua. Ile -ma ya mwisho ni kiambishi cha kutengenezea jina, ndo ileile ya dharma, ambayo inatoka kwenye kushika. Kwa hiyo *sauma ni mkamuo. Basi. Kile kilichokamuliwa. Ndani ya neno hakuna mti, hakuna jani, hakuna uyoga, hakuna ulevi, hakuna mungu. Kuna mikono inakamua kitu.

Na watu wamehangaika karne mbili kuutafuta mmea gani ulikuwa soma! Ni sawa na mtu aje miaka 3,000 baadaye akute tumeandika juisi, juisi, juisi kila ukurasa, alafu aanze kuuliza, jamani huu mti wa mjuisi uliota wapi.

Sisemi swali la mmea halina maana, mi ni mtu wa dawa, lazima niulize kilikuwa na nini ndani. Na Rigveda yenyewe inakupa picha ya karibu kabisa ya jikoni. Vijiti vinaletwa kutoka milimani. Vinalowekwa maji vivimbe. Vinapondwa kwa mawe, na sauti ya mawe inasifiwa kama ngoma. Majimaji yanapitishwa kwenye chujio la sufu ya kondoo, yanatoka rangi ya kahawia au njano, yanaingia kwenye chombo cha mbao, yanachanganywa na maziwa au mtindi, wakati mwingine shayiri. Asubuhi, mchana, jioni, mikamuo mitatu. Hayaachwi siku kadhaa yachache, kwa hiyo siyo pombe, hakuna muda wa kuchacha. Kuna wimbo mmoja, 9.112, wa mkamuaji anayeongea kama mtu wa kawaida kabisa: mi mtunga nyimbo, baba mganga, mama anasaga kwa jiwe, kila mtu anatafuta riziki kwa njia yake, na kila ubeti unaishia kwa kuliambia tone la soma litiririke kwa ajili ya Indra, mungu wao wa vita. Nilicheka. Ibada nzima ya miungu lakini mtu kaingiza kazi ya mama yake.

Mwaka 1968 Gordon Wasson, Mmarekani aliyekuwa makamu wa rais wa benki ya J.P. Morgan na mpenzi mkubwa wa uyoga, akaandika kitabu kizima kwamba soma ilikuwa ule uyoga mwekundu wenye madoa meupe. Kikasomwa sana, zama zile watu walikuwa tayari kusikia habari hiyo. Mwaka 1989 David Flattery na Martin Schwartz wakaja na harmala, ule mmea ambao mbegu zake Wairani wanazifukiza nyumbani kufukuza kijicho, esfand, hata Uarabuni harmal inajulikana. Mwaka huohuo Harry Falk akasema jamani, ni efedra, acheni. Hoja yake naipenda kwa sababu ni ya mtu aliyesoma maandishi kwa makini: soma inaitwa macho, yaani isiyolala, watungaji wanakesha nayo, Indra anapewa kabla ya vita. Hayo ni mambo ya kumchangamsha mtu, siyo ya kumwonyesha maono.

Wanaotaka maono wana wimbo wao pia, 10.119. Anayeongea, kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni Indra, anajisifu kwamba bawa lake moja lipo mbinguni na lingine kaliburuza chini, ataichukua dunia ataiweka hapa, au ataiweka pale, na kila ubeti unarudi kwenye swali lilelile, hivi nimekunywa soma? Ubeti baada ya ubeti. Ukiusoma haraka unasema huyu kaona mambo. Ukiusoma taratibu unaona ni kama mtu anayejikuza tu, na mshairi anamtania. Mi nimesimama na Falk, ingawa dozi ya efedrini inayotoka kwenye vijiti vilivyopondwa kwa maji inategemea aina ya mmea, na siyo kila efedra ina efedrini ya maana.

Kuna waliotaka kumaliza ubishi kwa jembe. Mwanaakiolojia Viktor Sarianidi alifukua mji wa kale wa Gonur Depe kwenye jangwa la Turkmenistan na maeneo ya jirani, akatangaza amepata vyumba vya kutengenezea soma, vyombo vyenye mabaki ya efedra, bangi na afyuni. Habari ikaenda dunia nzima. Baadaye Corrie Bakels, mtaalamu wa mimea ya kale kutoka Leiden, akapata sampuli za Gonur akaangalia mwenyewe kwenye darubini, mwaka 2003 akaandika alichokiona: alama za mtama mdogo, ile nafaka. Efedra hakuiona. Lakini mpaka leo ukitafuta mtandaoni utaletewa ile ya bangi na afyuni kwanza.

Ila Gonur ina kazi nyingine kwenye stori hii. Kumbuka nimesema neno *sauma halitaji mmea. Mmea wenyewe ulikuwa na jina lake. Rigveda ukisoma kijiti kinachopondwa kinaitwa amshu, Avesta inakiita ansu, na mzazi wao wanaisimu wanamwandika *anću. Sasa mwaka 2001 Alexander Lubotsky, naye wa Leiden, alichapisha uchambuzi wa maneno ambayo Wahindi na Waajemi wanayo kwa pamoja lakini hayana ndugu Ulaya na maumbo yake yana ugeni ugeni, hayakai kama maneno mengine ya lugha hiyo. Akasema haya yameazimwa. Ukiangalia ni maneno gani, unaona picha. Ngamia, *uštra. Punda. Tofali. Kobe. Aina ya kuhani, *atharvan. Na katikati ya hayo, *anću, kijiti cha soma.

Wafugaji wa nyika baridi hawakuwa na ngamia wala nyumba za matofali. Wenye matofali walikuwa watu wa mijini kusini, Gonur na wenzake, ustaarabu uliostawi kama 2300 hadi 1700 KK kwenye nchi ambazo leo ni Turkmenistan, Uzbekistan na kaskazini mwa Afghanistan. Lugha yao imepotea kabisa, hawakutuachia maandishi tunayoweza kusoma, na kinachoonekana kubaki kwao ni haya maneno machache yaliyopakiwa kwenye midomo ya wageni. Kwa hiyo kitenzi ni cha nyumbani, kamua ilikuwa kamua toka zamani, ila jina la kijiti ni la ugenini. Yani unaweza kukisia, na mi nakisia pamoja na Lubotsky, kwamba watu wa mikokoteni walishuka, wakawakuta wenyeji wana kijiti cha namna yake pamoja na makuhani wanaojua kukitumia, wakachukua kijiti na jina lake na pengine na hata cheo cha kuhani, alafu kinywaji wakakiita kwa lugha yao wenyewe kwa jinsi walivyokiona kinatengenezwa.

Na kabla ya hapo walikunywa nini? Asali. Neno *madhu ni la kale zaidi, ndugu zake wamejaa Ulaya, Warusi wana myod kwa asali, Waingereza wana mead kwa pombe ya asali, Wagiriki wa kale walikuwa na methu kwa mvinyo. Na soma ndani ya Rigveda inaitwa madhu mara nyingi sana. Kinywaji kipya kimerithi jina la sifa la kile cha zamani, ingawa kinachosifiwa siyo asali tena. Kwangu mi hii inaniambia mengi kuliko uyoga wa Wasson.

Haikupendwa na wote. Zarathustra mwenyewe, kwenye nyimbo zinazoaminika kuwa zake, anauliza kwa hasira lini utaupiga huu mkojo wa ulevi, na wengi wanaelewa anailenga haoma, au angalau namna makuhani wa upande mwingine walivyoitumia. Mkojo, kasema hivyo hivyo. Ila akishafariki haoma inarudi mlangoni kama hakuna kilichotokea, na ile sura niliyokusimulia inamfanya Zarathustra huyohuyo aipokee kwa sifa. Dini zinajua kusahau.

India ilikuwa tofauti, huko mmea ndo ulipotea. Watu walihamia mabondeni mbali na milima, wachuuzi wa vijiti wakawa adimu, na vitabu vya ibada vinaanza kutoa ruhusa, ukikosa soma tumia mmea fulani, ukikosa huo tumia ule. Mungu Soma akahamia mwezini, akawa ndo mwezi, na mpaka leo Jumatatu kwa Kihindi ni Somvar. Mwaka 1975 Wabrahmini wa Kinambudiri, ukoo wa makuhani wa Kihindu wa Kerala, kusini mwa India, walifanya ibada kubwa ya siku 12 kijijini Panjal, mtaalamu Frits Staal akairekodi, na kilichopondwa pale kilikuwa kitambaazi kisicho na majani, siyo efedra. Mawe yapo, maneno yapo neno kwa neno, mikamuo ipo. Mmea umebadilishwa na hakuna aliyeona ibada imeharibika. Neno halikuutaja mmea toka mwanzo, sasa ungekataa kwa msingi gani?

Walioshika kijiti cha kale ni Wazoroastria. Hata Waparsi, wale waliohamia Gujarat wakakimbilia pwani ya India, waliendelea kuagiza vijiti vya hom kutoka Iran kwa ajili ya ibada. Hao tunawafahamu, walikuwepo Zanzibar wakati wa Wasultani na Waingereza, wakarani, wafanyabiashara, watu wa ofisi za serikali. Farrokh Bulsara aliyezaliwa Mji Mkongwe 1946 na kujulikana baadaye kama Freddie Mercury alitoka kwenye familia ya namna hiyo. Kwenye ibada yao kuhani anatwanga vijiti vya hom pamoja na kijiti cha mkomamanga na maji yaliyobarikiwa, anachuja, anakunywa, na zamani tone lake alipewa mtoto mchanga na mtu anayekaribia kufa.

Kinachotumika kutwangia siyo mawe mawili kama India. Ni kinu kidogo cha chuma au shaba chenye mchi wake, na kinaitwa havan. Havan, ukiangalia ndani yake, ni hu- ileile. Kukamua. Kitu cha kukamulia. Kama ungelirudisha nyuma hadi kwenye s yake lingekaa jirani kabisa na savana, neno la Kisanskriti la mkamuo wa soma. Neno hili lilitoka kwenye ibada likaingia jikoni, Waajemi mpaka leo kinu chochote cha kutwangia zafarani na iliki ni havan. Waarabu wakaliazima wakaliita hawun, kinu cha shaba cha nyumbani. Alafu mizinga mifupi minene ilipokuja, ile inayorusha bomu juu likadondoke mbali, waliiona ina umbo la kinu wakaiita hawun vilevile. Kwa hiyo leo usiku ukifungua taarifa ya habari ya Kiarabu, mtangazaji akisema makombora ya hawun yameanguka mahali fulani, kile kitenzi cha wakamuaji kimo humo ndani, kikifanya kazi ambayo Vivanhvant hakuitarajia.

Yule jamaa wa grupu nilimtumia nusu ya haya. Kaniandikia, "sasa kaka kusoma imetoka wapi?" Hilo kwa kweli ni swali zuri, ila jibu lake litafutwe kwa Waganda, wao pia wanasema kusoma, siyo Rigveda.